Mjadala: Kundi la muziki mpya chuoni lipige tungo mpya kila tamasha, au lipige chache na kuzirudia?

Mratibu wa Mazoezi (mleta mada)

Wadau, kundi la muziki mpya la chuo kikuu, yaani la tungo za kisasa zinazosomwa kwenye nota, lenye wapigaji kati ya 6 na 15, kwa kawaida hupangiwa msimu kwa kuhesabu tungo: matamasha manne kwa mwaka, kila moja tungo tano, nyingi hazijawahi kupigwa popote. Msimamo wangu ni kwamba huko ni kuanzia mkiani. Tuanze na saa.

Chukueni muhula wa wiki 13, mazoezi saa 3 kwa wiki. Ni saa 39. Wiki ya kwanza inaishia kwenye kugawa karatasi za nota na kusoma kwa kubahatisha. Ya mwisho ni ya ukumbini, kupanga viti na kupima sauti. Zinabaki saa 33. Matamasha mawili ya dakika 60 ni dakika 120 za muziki, kwa hiyo kila dakika moja inapata dakika 16 na nusu za mazoezi. Kwa utungo usio na rekodi ya kufuata, na mapigo yanayobadilika kila baada ya mizani (vipande vya nota kati ya mistari wima) mbili tatu, mimi sishuki chini ya nusu saa kwa kila dakika. Kwa kipimo hicho saa 33 zinatoa dakika 66, yaani programu moja tu. Napendekeza iwe hivyo: programu moja kwa muhula, ipigwe mara mbili, na katikati ziachwe wiki mbili za kurekebisha kilichovunjika.

Mtunzi

Mkuu, na hesabu yako sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba anayekatwa ni mwanafunzi wa utunzi. Ukishuka kutoka tungo 20 hadi 10 kwa mwaka, kuna watu kumi ambao kazi zao hazitasikika.

Mwaka 1958 Milton Babbitt, mtunzi wa Marekani aliyekuwa pia mwalimu wa chuo kikuu, aliandika kwenye jarida akidai kwamba muziki wa namna hii upate hifadhi vyuoni, kama utafiti wa sayansi unavyopata, usitegemee umati wa ukumbini. Wahariri wakabadilisha kichwa cha makala kikawa swali la kebehi kuhusu nani anajali kama unasikiliza, na watu wengi wanakumbuka kichwa hicho kuliko hoja. Hoja bado ina uzito: orkestra inayoishi kwa tiketi haiwezi kubeba majaribio. Chuo kinaweza. Na mtunzi hajui kama filimbi yake ya chini inamezwa na chelo mpaka aisikie kwa masikio yake, kwa sababu kwenye programu ya kuandikia nota filimbi hiyo hiyo inasikika wazi kabisa. Hapo kompyuta inadanganya, na wanafunzi wengi wanadanganyika nayo.

Mpiga Chelo

Ndugu Mtunzi, utungo uliopigwa hovyo nao unadanganya. Mwanafunzi anarudi nyumbani akidhani ameandika vibaya, kumbe wapigaji walipotea mizani ya 40 wakaja kukutana mwishoni.

Naomba tuseme wazi saa zinapopotelea. Nyingi hazipotelei kwenye ugumu wa muziki, zinapotelea kwenye karatasi. Utungo wa dakika 12 unaletwa wiki tatu kabla ya onyesho. Ukurasa unageuzwa katikati ya mapigo ya haraka, mikono yote miwili ina kazi. Mpigaji ana mapumziko ya mizani 23 na hakuna nota ndogo za kumwonyesha nani anapiga kabla yake. Namba za mizani zimewekwa kila baada ya kumi badala ya mwanzo wa kila mstari. Karatasi ya klarineti, ala ambayo kwa kawaida hutoa sauti ya chini kuliko nota inayosomwa, imetolewa bila kuhamishwa sauti ili kufidia hilo, mpigaji anasoma jinsi ilivyo na kila kitu kinatoka toni nzima chini. Kila mojawapo ya hayo inakula dakika tano, na inazila kwa watu wote waliokaa, si kwa mmoja.

Kuhusu kurudia, si jambo geni. Mtunzi wa Austria Arnold Schoenberg na wenzake walipoanzisha jumuiya yao ya matamasha ya faragha Vienna mwaka 1918, kazi zilifanyiwa mazoezi marefu na kupigwa tena jioni nyingine. Programu haikutangazwa mapema, makofi yalikatazwa, wahakiki hawakuingizwa. Marufuku hizo tuziache. Cha kuiga ni kule kurudia.

Fundi Mitambo

Mnahesabu saa za mazoezi, hamhesabu saa za jukwaa. Tungo tano kwa jioni moja ni mabadiliko manne ya jukwaa, na ala za kupigwa zikiwa nyingi kila badiliko ni dakika 8 hadi 10. Hapo wasikilizaji wamekaa zaidi ya nusu saa wakitazama watu wanabeba viti.

Halafu piano. Sonata na Viingilio za mtunzi wa Marekani John Cage, za miaka ya 1946 hadi 1948, zinataka sauti 45 zitayarishwe kwa skrubu, bolti, vipande vya mpira na plastiki kati ya nyuzi, kila kimoja kwa umbali uliopimwa kutoka kwenye kizuia sauti, kile kinachobana uzi ili unyamaze. Ni kazi ya saa mbili hadi tatu kwa mtu makini. Kanyaga pedali ya kulia kwanza ili vizuia viinuke, tenganisha nyuzi kwa kijiti cha mbao, ndipo uingize skrubu. Ukilazimisha, uzi unasogea na piano inaharibika mpangilio wa sauti. Nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba usiziguse kwa skrubu ya meno makali. Basi huwezi kuweka utungo mwingine wa piano baada ya huo kama huna piano ya pili.

Tungo zenye sauti zilizorekodiwa nazo zina mtego wake. Faili la 44.1 kHz (sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde) likichezwa na kifaa kilichowekwa 48 bila kugeuzwa, sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu, na dakika 10 zinakwisha kwa dakika 9 na sekunde 11. Fidla inasikika kama haijafungwa sawa, mpigaji analaumiwa bure. Linagundulika kwenye kupima sauti tu, na kupima sauti kunataka muda.

Msikilizaji

Kwa upande wa sisi tunaokaa vitini: utungo wa dakika 12 upigwe, mwongozaji aonyeshe sehemu mbili tatu kwa dakika tano, kisha upigwe tena jioni ile ile. Mara ya pili ndipo mtu anaanza kutambua kinachorudi na kilichogeuzwa. Tungo tano mfululizo, kila moja mara moja, zinachanganyikana kichwani.

Mratibu wa Mazoezi

Mtunzi, wale kumi siwaachi. Kila muhula kiwepo kikao kimoja cha kusoma, saa 3, tungo tano, dakika 25 kwa kila mmoja: dakika 8 kusoma mwanzo hadi mwisho, 10 kwa sehemu anazotaka mtunzi, 7 kurekodi. Zinazobaki ni za kubadilisha viti na kupumzika. Kikao hicho kitoke nje ya zile saa 33, la sivyo tumehamisha tatizo tu. Na karatasi zifike wiki nane kabla. Isiyofika haipangwi, hata kama ni ya mwalimu.

Kuhusu fedha, kurudia hakuongezi mzigo kama wengi wanavyodhani. Wachapishaji wanaokodisha karatasi mara nyingi hutoza onyesho la pili pungufu ya la kwanza. Tena kazi za Schoenberg, aliyefariki 1951, haki zake zimekwisha tangu 2022 katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, hivyo huko utungo wake Pierrot lunaire wa 1912 hauna malipo ya haki: sauti moja na wapigaji watano, jukwaa halibadiliki.

Mtunzi

Wiki nane nakubali, na kikao cha kusoma nakubali. Sharti langu ni moja: onyesho la pili liandikwe kwenye ratiba pamoja na la kwanza, tarehe na ukumbi, kabla mazoezi hayajaanza. Likisubiri kuonekana kama watu walipenda, halitapigwa kamwe.