Mjadala: Je, historia ya mbio za dhahabu ni hadithi ya tamaa?

Hoja ninayoileta hapa inahusu namna tunavyoisimulia historia ya mbio za dhahabu, yaani watu kumiminika kwa wingi mahali dhahabu ilipogunduliwa. Wengi wetu tumeisikia kama onyo dhidi ya utajiri wa ghafla: mtu aliacha shamba na familia, akafuata mng'aro, akarudi mikono mitupu au hakurudi kabisa, na msimulizi akafunga kwa kusema tamaa mbele, mauti nyuma. Naona simulizi hilo linamtwika mchimbaji lawama kubwa kuliko anayostahili, na linamwacha nje ya kizimba aliyekuwa na uwezo wa kubadili sheria ya ardhi mara dhahabu ilipoonekana. Anayepinga anakaribishwa, ila naomba tubishane kwa mifano.

Nianze na California, kwa kuwa ndiko onyo hilo linakochotwa mara nyingi. Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall aliona vipande vya dhahabu katika mfereji wa kinu cha kupasulia mbao alichokuwa akikijenga kando ya mto American kwa ubia na John Sutter. Mwaka huo wa kwanza, kwa makadirio ya wanahistoria, mchimbaji alipata wastani wa takriban dola 20 kwa siku, wakati kibarua wa mashariki mwa Marekani alikuwa akilipwa kama dola moja. Kijana aliyeuza ng'ombe wake akafunga safari baada ya kusikia habari hizo hakuwa mwehu wala mlafi, kwani alipiga hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeipiga. Bahati mbaya ni kwamba hesabu hiyo hiyo ilipigwa na watu wapatao 300,000, na kufikia mwaka 1856 wastani ulikuwa umeshuka hadi karibu dola 3, huku bei za vyakula na vifaa migodini zikiumiza. Aliyechelewa aliumia kwa sababu alichelewa, wala hakuwa na tabia mbovu kuliko aliyewahi.

Tuwatazame pia wale wawili wa mwanzo. Sutter hakuitaka dhahabu hata kidogo. Alichokitaka ni mashamba, mifugo na kinu chake, na alijitahidi kuificha habari ile akijua kwamba ikienea atapoteza vibarua. Ilienea. Vibarua walimkimbia, wavamizi walijigawia ardhi yake na kuchinja ng'ombe wake, naye akafa mwaka 1880 mjini Washington akiwa bado anaililia serikali ya Marekani imlipe fidia. Marshall naye alifariki maskini mwaka 1885. Kama somo la historia hii ni kwamba tamaa ya dhahabu huangamiza, basi mtu aliyeikimbia dhahabu angepaswa kunusurika. (Sutter mwenyewe alikuwa amewatumikisha wenyeji kwa nguvu, kwa hiyo simtaji hapa kama mtu mwema, bali kama mfano ambao onyo la tamaa haliwezi kuueleza.)

Walioumia kuliko wote California ni wenyeji wa asili, ambao hawakusafiri kwenda popote. Inakadiriwa kwamba mwaka 1848 walikuwa kama 150,000, na kufikia mwaka 1870 walibaki kama 30,000. Maradhi na njaa vilichangia, lakini pia kulikuwa na sheria ya Aprili 1850 iliyoruhusu wenyeji kufanyishwa kazi za lazima, na kulikuwa na vikosi vya wauaji vilivyolipwa kwa fedha za umma. Katika miaka ya 1851 na 1852 wajumbe wa serikali kuu walitiliana nao saini mikataba 18 ya kuwatengea ardhi, na Baraza la Seneti likakataa kuiidhinisha. Mwaka huohuo wa 1850 wachimbaji wa kigeni walitozwa kodi ya dola 20 kwa mwezi, kodi iliyowafukuza wengi waliotoka Mexico na Chile, na ilipofutwa, nyingine iliyoletwa mwaka 1852 iliwaangukia zaidi Wachina. Haya yote yaliandikwa, yakajadiliwa na kupigiwa kura na watu waliovaa makoti safi, ambao hawakuwa na haja ya kushika karai wala sururu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi ni Kakamega, na nasikitika kwamba unatajwa mara chache sana. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika eneo lililoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini. Walowezi wa Kenya walikuwa katika hali mbaya, kwa kuwa mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya mahindi na kahawa, na nzige walikuwa wamepita mashambani. Mamia yao walihamia Kakamega na mahema yao, wakaanza kuchimba mitaro katika ardhi ya Waluhya, mingine katikati ya mashamba yaliyokuwa yakilimwa. Sitawaita hata hao walafi, kwani wengi walikuwa wakulima waliofilisika na waliotafuta namna ya kulipa madeni. Shutuma yangu inaelekea Nairobi na London.

Mwaka 1930, yaani mwaka mmoja tu kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Dhamana ya Ardhi za Wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba maeneo yaliyotengwa yatakuwa mali ya Waafrika daima, kwamba kipande kikitwaliwa kwa shughuli ya umma kitafidiwa kwa ardhi nyingine, na kwamba baraza la wenyeji litaarifiwa kwanza. Desemba 1932, baada ya dhahabu kuonekana, sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka ili ardhi ya uchimbaji iweze kuondolewa katika maeneo hayo yaliyotengwa bila kutolewa ardhi mbadala, mwenyewe alipwe fedha tu, na bila ulazima wa kulitaarifu baraza. Ahadi ya daima haikufikisha miaka mitatu. Fikirini mkulima ambaye shamba lake ndilo chakula chake, urithi wa wanawe na mahali walipozikwa wazee wake, akiambiwa kwamba sarafu atakazohesabiwa mkononi zinatosha kuwa badala ya vyote hivyo. Mbio za wachimbaji wadogo zilififia upesi, kampuni zikachukua nafasi yao, na mgodi wa Rosterman ukaendelea hadi mwaka 1952.

Nakiri kwamba wanaopinga hoja yangu wana mfano wenye nguvu, nao ni Klondike nchini Kanada. Baada ya meli kutia nanga San Francisco na Seattle mwezi Julai 1897 zikiwa na wachimbaji na dhahabu yao, watu wapatao 100,000 walianza safari, na hata meya wa Seattle aliacha kazi akaenda. Polisi wa Kanada walimtaka kila mtu awe na akiba ya mwaka mzima, mzigo wa karibu tani moja, ambao wengi waliupandisha mgongoni kidogo kidogo katika mwinuko wa Chilkoot, wakipanda na kushuka ngazi zilizochongwa kwenye barafu mpaka mzigo wote ufike juu. Labda 30,000 au 40,000 walifika Dawson, mji wa machimbo hayo. Ni vigumu kulitazama jambo hilo na kusema tamaa haikuwapo.

Lakini tuulize walijua nini walipoondoka. Dhahabu ilikuwa imepatikana Agosti 1896, na maeneo bora ya kuchimba kando ya vijito yalikwisha kuandikishwa kwa majina ya waliowahi kabla meli hazijafika kusini. Umati mkubwa ulifika Dawson katikati ya mwaka 1898, wakati kilichobaki kwa mgeni kilikuwa kazi ya kibarua katika eneo la mwenzake. Wakati huo huo chama cha wafanyabiashara wa Seattle kilikuwa kimeajiri mtu wa kuutangaza mji huo kote Marekani kama mlango wa kwenda Klondike, kwa sababu kila msafiri alinunua ile tani moja ya vifaa dukani. Waliotangaziwa walikuwa watu waliotikiswa na mdororo ulioanza mwaka 1893. Mtu asiye na kazi akionyeshwa njia, ataishika, na lugha yetu hii yenye kuonya juu ya tamaa ndiyo pia inayosema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Ninachopendekeza ni kwamba tukiifundisha historia hii, sheria ya 1850 na marekebisho ya 1932 yasomwe mwanzoni, na hadithi za waliofilisika zifuate baadaye. Hilo lina maana leo pia, kwa sababu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya nchini Tanzania, na wa Ikolomani huko Kakamega, wanapohamishwa, jambo la kwanza kusemwa juu yao ni kwamba wanataka utajiri wa haraka, na swali la nani anamiliki leseni ya ardhi ile huja mwishoni kama halikusahaulika. Kwa hiyo namwomba anayeshikilia kwamba tamaa ndiyo kiini cha mbio za dhahabu anijibu jambo moja: mkulima wa Kavirondo Kaskazini, ambaye hakukimbilia dhahabu yoyote, alipoteza shamba lake kwa tamaa ya nani?