Mjadala: Ngoma inapatanisha Wahutu na Watutsi, au ni burudani tu?

Kigoda: Wakuu, kundi la Ingoma Nshya la Huye, Rwanda, liliundwa 2004 na Odile Gakire Katese. Wanawake wa Kihutu na Kitutsi, wajane wakiwemo, wakapiga ngoma pamoja miaka 10 tu baada ya mauaji ya kimbari. Je, hilo linajenga amani, au wakishuka jukwaani kila mtu anarudi na lake moyoni?

JiweLaMsingi: Muziki haupatanishi mtu. 1994 nyimbo ndizo zilizochochea kupitia RTLM, ile redio ya chuki, na mwanamuziki Bikindi akafungwa miaka 15 na mahakama ya kimataifa pale Arusha kwa nyimbo zake. Halafu ngoma huko si kazi ya wanawake.

Hukumu2008: Hapana, ndugu. Bikindi alitiwa hatiani kwa aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani kati ya Kivumu na Kayove, Juni 1994. Si kwa nyimbo, hizo alizitunga kabla ya mwaka ule.

MwaliWaNgoma: Mimi nakujibu hilo la wanawake. Mila iliwazuia hata kugusa ngoma, na faida ikapatikana hapohapo: hakuna upande uliokuja na mafundi wake. Wote walianza sifuri, hakuna wa kumwambia mwenzake "kwetu tunapiga hivi".

JiweLaMsingi: Mbona Burundi walikataza? Kama sikosei 2016.

MwaliWaNgoma: 2017, amri ya Nkurunziza, rais wa wakati huo. Wanawake wabaki kucheza tu, na kila onyesho nje ya sherehe za serikali lilipiwe faranga 500,000. Ngoma hiyohiyo UNESCO ilishaiorodhesha 2014!

Kigoda: Jamani, nimeuliza kuhusu amani.

Umurisho: Amani imo kwenye mpangilio. Burundi ngoma iitwayo inkiranya inakaa katikati na kuongoza, wapigaji wa ngoma za amashakwe wanashika mdundo usiobadilika, wale wa ibishikizo wanamfuata kiongozi. Amashakwe wakikimbiza, wote wanapotea, kwa hiyo lazima umsikilize usiyempenda. Ila zungusheni nafasi kila zoezi. Inkiranya ikishikwa na upande mmoja miezi mitatu, mmeanzisha ugomvi mpya. Na msianze na nyimbo zenye maneno. Mstari mmoja unaotaja waliokufa utawagawa kabla hawajazoeana. Anzeni na mdundo mtupu.

JiweLaMsingi: Na mfadhili akiondoka? Vikundi vya aina hiyo hukusanywa Aprili kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, kisha ngoma zinafungiwa stoo.

Umurisho: Hilo ni kweli, na ndipo vikundi vingi vinapofia. Wale wa Huye 2010 walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza. Wakawa na sababu ya kuonana hata siku isiyo na zoezi.

JiweLaMsingi: Basi kilichopatanisha ni biashara, si ngoma.

MwaliWaNgoma: Bila ngoma wangejuana wapi hadi wafungue duka? Na bado hujasema kwa nini mwanamke asipige. Jibu hilo kwanza, kaka.

JiweLaMsingi: Mila ni mila, dada. Ukiivunja kwa ajili ya amani, wazee nao watakuja kwenye amani hiyo?

Hukumu2008: Wazee waachwe kidogo. Kikundi cha kijijini Burundi kinatoa wapi hizo 500,000? Hapo hata wanaume wamezuiwa.