Dalili za kiharusi zimepotea zenyewe: bado ni dharura?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu mzima mwenye presha, mchana mkono wa kulia unalegea na maneno yanakuwa mazito mdomoni. Baada ya dakika 20 hivi anarudi sawa kabisa. Mashine inasoma 182/104. Wapo wanaosema aongezewe kidonge cha presha na apewe aspirini, wapo wanaosema alale tu kwa kuwa ameshapona. Lipi sahihi?

Zamu_ya_Usiku: Hakuna sahihi hapo. Aende hospitali leo leo, asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Hicho ni kiharusi cha muda mfupi: bonge dogo la damu limeziba mshipa wa ubongo, likayeyuka kabla sehemu hiyo haijafa. Lakini kilicholitoa bado kipo, iwe ni mafuta yaliyoganda kwenye mshipa wa shingo au moyo unaodunda bila mpangilio. Saa 48 za mwanzo ndizo za hatari zaidi kwa kiharusi kamili kufuata.

Kuhusu presha, acheni kuishusha nyumbani. Ubongo unapokosa damu, mwili wenyewe huipandisha ili damu ipenye palipobanwa. Ukiiporomosha kwa dozi ya ziada, eneo lililokuwa likipata damu kidogo linakosa kabisa. Kwenye kiharusi cha kuziba, hospitali nyingi huiacha mpaka ifike 220/120 ndipo waiguse, isipokuwa mgonjwa anapewa dawa ya kuyeyusha bonge. Hapo lazima kwanza iwe chini ya 185/110. Kiharusi cha kuvuja damu ni kinyume chake: presha hushushwa mapema, namba ya juu mara nyingi ikilengwa karibu na 140.

Mfamasia_K: Nami niongezee kwenye aspirini. Dalili zikiwa bado zipo, usimpe. Viharusi vingi ni vya kuziba, ila vya kuvuja damu vipo na kwa macho hutavitofautisha. Kichwa kuuma ghafla na kutapika huelekeza kwenye kuvuja, lakini hakuna daktari makini atakayeamua kwa hayo bila skani ya kichwa. Kuna na tatizo la kumeza, ambalo watu hulisahau. Koo likiwa limelegea, kidonge na maji vinaingia mapafuni na kuleta nimonia. Asile wala asinywe chochote mpaka apimwe kumeza. Aliyerudi sawa kabisa huenda daktari akamwanzishia aspirini palepale, lakini huo ni uamuzi wa daktari.

Mdadisi: Asanteni. Na uso ukipinda peke yake, mkono ni mzima?

Zamu_ya_Usiku: Mwambie akunje paji la uso. Kwenye kiharusi, kwa kawaida mdomo unashuka ila paji linakunjika pande zote mbili. Paji la upande mmoja likigoma na jicho halifumbi, mara nyingi ni tatizo la neva ya uso, si kiharusi. Hata hivyo usikitumie kipimo hiki kama sababu ya kubaki nyumbani. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, macho amefumba, kwa sekunde 10: unaoshuka au kujigeuza ndio dhaifu. Kuna na viharusi vya nyuma ya ubongo ambavyo havipindi uso wala mkono: kizunguzungu cha ghafla, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili. Hivi mara nyingi havitambuliwi kwa kudhaniwa ni malaria au uchovu. Sukari iliyoshuka nayo huiga kiharusi, ndiyo maana kidole hutobolewa mapema mapokezini.

Mfamasia_K: Jambo la kwanza mtakaloulizwa ni alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo. Aliyeamka na kiharusi huhesabiwa tangu alipokwenda kulala, labda kuwe na vipimo maalumu vya picha. Kulivuta bonge kwa mrija kupitia mshipa wa paja, pale huduma ilipo, ni ndani ya saa 6, na kwa waliochaguliwa kwa picha hadi saa 24. Bebeni dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda, na mjue dozi ya mwisho aliimeza lini. Hiyo peke yake inaweza kumzuia kupewa dawa ya kuyeyusha.