Naomba ushauri: Mama amepona sepsisi ila nguvu hazirudi

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mama yangu ana miaka 61. Ilianza kama UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kawaida, maambukizi yakaingia kwenye damu, presha ikashuka, figo zikayumba; ndiyo hiyo sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi mpaka viungo vinayumba. Alilazwa siku 19, 6 kati ya hizo chumba cha wagonjwa mahututi. Tunamshukuru Mungu, yuko nyumbani Korogwe, hii ni wiki ya 5.

Tuliruhusiwa na dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hakuna aliyetuandaa kwa haya: kutoka kitandani mpaka uani anapumzika mara mbili, nywele zinatoka kwa mafungu, na usiku anashtuka akisema kuna watu wamemzunguka. Mama aliyekuwa anahesabu pesa za kikoba bila kalamu, leo anasahau kama amekula. Majirani wanasema karogwa. Nimesoma kwamba uchovu, usahaulifu na ndoto mbaya huwapata wengi waliougua sepsisi, tena huweza kuchukua miezi, na kwamba maambukizi yanaweza kurudi. Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi.

Kwa waliouguza mgonjwa wa hivi: mazoezi mlianza na yapi bila kumchosha? Hamu ya kula mliirudishaje, maana hata uji wa ulezi anaacha nusu? Na homa ikifika kiasi gani nisisubiri asubuhi, nimkimbize usiku huohuo? Wahudumu wa afya mliomo humu, naomba sana mnijibu.