Mtoto anaingia gredi ya nne, nitarajie nini? Naomba ushauri

Assalam aleykum wazazi wenzangu, niko hapa Lamu mtaa wa Langoni, kijana wangu Januari yuwaingia gredi foo na mie nishaanza kuchanganyikiwa mapema. Nasikia kuanzia hapo tathmini za darasani zahesabiwa, yaani gredi 4 mpaka 6 zabeba asilimia 60 na ule mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, KPSEA, wa gredi 6 wabeba 40, sasa ina maana mtoto akizembea mwaka huu ndo ishamkula?

Ripoti ya mwaka jana sikuielewa kabisa, hakuna nambari wan wala alama, imeandikwa tu "anakaribia matarajio", nikajiuliza matarajio ya nani jamani 😅 Ticha nilimuuliza akanambia nisijali. Nisijali vipi?

Halafu hizi projekti, juzi waliambiwa walete makuti na chupa, nikaifanya mie usiku baba yake amelala. Jioni ana chuo cha Kurani, akirudi kachoka. Wenye watoto walopita hapo, masomo huongezeka sana? Nimsaidie kiasi gani, na kwenye mkutano wa wazazi nimuulize ticha nini hasa?