Kondo la nyuma limeziba njia: kazi zipi niache, na je, uchungu unaweza kuja mapema?

Mama Shamim, Kigamboni

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nina ujauzito wa pili, wiki ya 28. Mtoto wa kwanza nilimpata kwa upasuaji. Ultrasaundi ya wiki ya 20 ilionyesha kwamba kondo la nyuma limekaa chini, na ya juzi imeonyesha kwamba bado limefunika mlango wa kizazi. Kabla ya hapo nilitokwa na damu mbichi, nyekundu, bila maumivu yoyote, nikalazwa hadi ilipokata, nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kisha nikaruhusiwa na kuambiwa nipumzike.

Hilo la kupumzika ndilo linalonitatiza. Ninauza vitenge Kariakoo: navuka kwa pantoni alfajiri, nashusha na kupandisha majora, na stoo iko ghorofa ya tatu. Mama mkwe anataka nisinyanyuke kitandani kabisa, na ameshamtafuta bibi wa kunichua tumbo ili kondo lipande. Anaona pia ingefaa niende Tanga akanitunze. Sasa jioni tumbo linakaza, kisha linaachia. Naomba mwenye kujua anieleze ni kazi zipi hasa zenye hatari, na kama mtoto wangu anaweza kuja njiti.

Mkunga wa Temeke

Pole sana, mdogo wangu, na hongera kwa kuwahi hospitali. Kadiri ujauzito unavyokua, sehemu ya chini ya mji wa mimba hutanuka na mlango wa kizazi huanza kulainika. Kondo lililojishika hapo haliwezi kutanuka pamoja nayo, hivyo huachia kidogo na mishipa ikavuja. Ndiyo maana damu huja bila maumivu, na humjia hata mwanamke aliyelala usingizi. Usikubali mtu akulaumu kwamba uliisababisha kwa kwenda dukani.

Kulala kitandani kutwa kucha hakujathibitika kuzuia damu wala uchungu wa mapema, na huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Tembea ndani ya nyumba, pika ukiwa umekaa, jihudumie. Majora, ndoo za maji, zile ngazi za stoo na kusimama saa nyingi, hayo yaache, kwa sababu umeshatokwa na damu mara moja. Tendo la ndoa lisimame kabisa, na kitu chochote kisiingizwe ukeni. Mhudumu yeyote atakayetaka kukupima njia kwa vidole mwambie mapema kwamba kondo limeziba, kwani kidole kinaweza kulibandua na ukavuja damu nyingi kwa dakika chache. Ultrasaundi ya kupitia ukeni ni jambo tofauti: inafanywa kwa uangalifu, ni salama, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kondo limefika wapi.

Kuhusu kuchuliwa tumbo, mweleze mama mkwe kwa heshima lakini bila kuyumba: hapana. Kondo halisogezwi kwa mikono. Kwa wanawake wengi ambao lilionekana liko chini katika wiki ya 20 hupanda lenyewe mji wa mimba unapokua, ila likiwa limefunika mlango kabisa na kuna kovu la upasuaji, matumaini hayo ni madogo. Upimwe tena wiki ya 32.

Uchungu wa mapema, yaani kabla ya wiki 37, ni hatari ya kweli kwako. Damu iliyovuja huchokoza misuli ya mji wa mimba ikakaza, na kukaza huko kukaleta damu tena. Kwa hiyo tumbo lako linalokaza jioni lisisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kesho asubuhi upimwe. Likianza kukaza kwa mpangilio, mgongo ukivuta, maji yakitoka, au ukiona damu hata kidogo, nenda saa hiyohiyo.

Baba Faraja, Mjimwema

Dada, mke wangu alipitia hali hii tukiwa hukuhuku Kigamboni, na naomba niongelee njia. Pantoni huwezi kuiharakisha. Tulikubaliana na jirani mwenye teksi kwamba usiku wowote tunapita Daraja la Nyerere, na namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, 115, isiyo na malipo, ilibandikwa ukutani. Nyuma ya mlango tulitundika mfuko wenye kadi ya kliniki, khanga na pedi. Alipovuja mara ya pili tuliondoka na pedi zilizolowa damu kwenye mfuko wa nailoni, na daktari alizitazama kabla ya kuuliza swali lolote.

Ndugu zangu walichangia damu mapema, kabla haijahitajika. Tulipokaribia mwezi wa nane wa ujauzito tukahamia kwa dada yangu Chang'ombe ili tuwe karibu na hospitali. Mtoto alizaliwa njiti, mama akambeba kifuani kwa kangaruu, na leo anasoma chekechea.

Daktari wa wanawake, Upanga

Naongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mama Shamim, una kovu la upasuaji, na kondo limekaa chini, penye kovu. Katika hali hiyo linaweza kujichimbia ndani ya kovu lisibanduke baada ya mtoto kutoka. Kwa mwenye kovu moja na kondo lililofunika njia, hutokea kwa takribani mmoja kati ya 10. Omba mpimaji mzoefu alitazame kovu lenyewe, na ujifungulie kwenye hospitali ya rufaa yenye damu ya kutosha, madaktari bingwa wa upasuaji na wodi ya njiti.

Hata ukivuka bila damu tena, upasuaji kwa kawaida hupangwa kati ya wiki ya 36 na ya 37, kabla uchungu haujaanza. Meza vidonge vya kuongeza damu bila kuruka, na ulizia kundi lako la damu: kama ni hasi (Rh-), kila unapotokwa na damu unaweza kuhitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Mama Shamim, Kigamboni

Nashukuruni sana. Mume wangu amesoma yote. Duka atalishika mdogo wangu, na kesho tunaenda kupimwa. Je, nikienda Tanga mapema, kabla ya wiki ya 30, kuna ubaya?

Mkunga wa Temeke

Upo, mdogo wangu. Ni zaidi ya kilomita 300, na damu ikianza katikati ya safari utakuwa mbali na chumba cha upasuaji. Mwombe mama mkwe aje yeye Dar es Salaam. Msaada wake unauhitaji, na akifika muende naye kliniki ayasikie haya kwa daktari mwenyewe.