Kundi la Ukoo: Fury au Usyk?

Ijumaa, 17 Mei 2024

Kassim: Matokeo ya mizani ya pambano la ndondi la kesho haya hapa! Fury pauni 262, Usyk pauni 233 na nusu. Mkubwa ni mkubwa tu, poleni mlioko upande wa pili.

Rehema: Soma vizuri Kassim. Walikosea kutangaza, wameshasahihisha. Usyk ni 223 na nusu.

Kassim: Ahsante dada, umenisaidia. Kumbe pengo ni kubwa zaidi! Hizo ni kilo 17 na ushei.

Mjomba: 😂😂😂 Rehema kajifunga mwenyewe

Shangazi: Hebu nielezeni na mimi. Huyo atakayeshinda kesho anapata nini cha ziada? Maana kila nikifungua simu mnaniambia ni pambano la ubingwa.

Baba Mdogo: Dada, la kesho si la kila siku. Fury ana mkanda wa ubingwa wa dunia wa chama cha WBC. Usyk ana ya vyama vingine 3, WBA, IBF na WBO. Mshindi anaondoka na yote 4, na katika uzito wa juu hajawahi kutokea mtu akaishika yote 4 kwa pamoja.

Mjomba: Na wote hawajapigwa. Usyk kashinda 21, Fury kashinda 34 na ile sare na Mmarekani Deontay Wilder ya 2018.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Kassim: Shikamoo Babu. Nani kasikiliza hadi mwisho atufupishie?

Rehema: Babu anasema wa mwisho kuwa bingwa asiye na mpinzani katika uzito huu ni Lennox Lewis, alipompiga Holyfield Novemba 1999. Ila Machi mwaka huohuo walishapigana, Lewis akatawala, majaji wakatoa sare. Anasema mnabishania kilo mkawasahau wale 3 wenye kalamu. Dakika ya mwisho nzima ni lawama kwa majaji.

Babu: Sawasawa

Mjomba: Mzee nakuheshimu, lakini kesho kalamu hazitahitajika. Fury ana urefu wa sentimita 206, Usyk 191. Ili amfikie lazima aingie ndani, na akiingia ndani anakumbatiwa. Mkumbukeni Wilder 2020. Fury alimlalia, akamwekea uzito wote shingoni, miguu ya Wilder ikaisha. Raundi ya 7 kona ya Wilder ikatupa taulo kusalimu amri.

Rehema: Mjomba, Wilder anasimama mbele yako. Usyk ukimtafuta pale alipokuwa, hayupo. Mwingereza Anthony Joshua naye alimzidi Usyk urefu na uzito, akapigwa London 2021, akaomba marudio, akapigwa tena Jeddah 2022.

Kassim: Joshua hakuutumia mwili wake. Ngumi za mbali mwanzo mwisho, kama anaogopa kuchafuka.

Baba Mdogo: Hapo Kassim ana hoja kidogo, maana kwenye marudio raundi ya 9 Joshua alipiga tumboni na Usyk akayumba. Ila ya 10 nani alirudi akaimwaga mvua ya ngumi? Huyo Usyk. Raundi za mwisho ndiyo nyumbani kwake.

Mjomba: Tumbo! Mmelitaja wenyewe. Mwaka jana Daniel Dubois alimlaza Usyk kwa ngumi ya tumbo raundi ya 5.

Rehema: Ilikuwa chini ya mkanda wa bukta, si halali.

Kassim: Ilikuwa juu.

Rehema: Refa alisema chini.

Kassim: Refa alikuwa peke yake 😂

Shangazi: Msiianze tena hiyo habari. Mwaka jana mlikesha nayo, watu wawili wakatoka kundini.

Baba Mdogo: Tuiache. Mtu wa kumtazama ni Steve Cunningham. Mnamkumbuka? New York, 2013. Bingwa wa zamani wa uzito wa kruza, ulio chini ya uzito wa juu, ule ule aliotokea Usyk. Mwepesi kuliko Fury kwa kilo karibu 20. Raundi ya 2 alimtupia konde la kulia kutoka juu, Fury akaanguka chali.

Rehema: Haya sasa 👏

Baba Mdogo: Subiri, sijamaliza. Fury akainuka, akaacha mchezo wa mbali, akamganda. Kila wakikutana anamwegemea. Raundi ya 7 Cunningham hakuwa na pumzi, akalala jumla. Kwa hiyo pambano hilohilo linawasemea nyote wawili.

Mjomba: Linanisemea mimi zaidi, shemeji. Aliyebaki amesimama ni nani?

Rehema: Cunningham hakuwa mashoto kama Usyk. Mjomba, mashoto wa mwisho kumsumbua Fury ni Otto Wallin, Las Vegas 2019. Alimchana juu ya jicho la kulia raundi ya 3, akashonwa nyuzi 47. Na hili pambano lilikuwa lipigwe Februari, likaahirishwa kwa sababu gani? Kachanika mazoezini. Jicho lilelile la kulia.

Kassim: Limepona.

Rehema: Limepona halijajaribiwa. Ngumi ya kushoto ya mashoto, ile ndefu iliyonyooka, inatua upande gani wa uso wa Fury?

Kassim: …

Baba Mdogo: Wa kulia. Binti anajua.

Baba Mdogo: Ndiyo maana mimi kesho raundi 3 za kwanza naangalia miguu tu. Usyk akifanikiwa kuweka mguu wake wa mbele nje ya mguu wa Fury, hiyo kushoto inapata njia. Fury akimzuia, au akigeuka naye apige kimashoto kama anavyoweza, tutakesha.

Mjomba: Na kumbukeni Fury kapungua. Pambano la 3 na Wilder alipanda na pauni 277. Leo 262. Huyu kajiandaa kukimbia.

Rehema: Mjomba chagua moja. Atamlalia kwa uzito au amepungua ili akimbie?

Shangazi: 😂😂 Hapo jibu

Mjomba: Atafanya vyote! Leo kwenye kutazamana kamsukuma mwenzake, hamkuona?

Rehema: Nimeona. Na jana mbele ya waandishi alikataa hata kumtazama usoni. Mtu mwenye raha hafanyi hivyo. Oktoba alikuwa na raha sana, Ngannou aliyekuwa hajawahi kupigana ndondi za kulipwa akamwangusha.

Mjomba: Hakufanya mazoezi ile.

Kassim: Kumbe na baba yake Fury wiki hii kampiga kichwa mtu wa kambi ya Usyk, damu ikamtoka mwenyewe. Ukoo wote uko vitani 😂

Shangazi: Sawa. Kila mtu aandike utabiri wake hapa, kwa majina.

Mjomba: Fury, nokauti, raundi ya 10.

Rehema: Usyk kwa pointi. Raundi za mwanzo atapoteza, msinisumbue kabla ya ya 8.

Baba Mdogo: Usyk, lakini majaji hawatakubaliana.

Babu: Sare

Kassim: Fury anamaliza kabla ya raundi ya 6, nikikosea nahama kundi

Kassim: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi: Nimeshaupiga picha, Kassim.